Kijiti cha Saba cha Bi Vuta

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Aprili 1949, wiki tatu kabla ya siku iliyotarajiwa. Mama yake alishikilia mpaka mwisho kwamba mtoto yule hakuzaliwa, alitoka mwenyewe kuja kuangalia kuna nini.

Nyumba yao ilikuwa ya bati, ukuta mmoja na karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa, mama akishona mapazia. Alitembea akiwa na miezi tisa na alianguka sana. Lile kovu la juu ya nyusi ya kushoto, ambalo wajukuu waliambiwa kwa nyakati tofauti kwamba ni la ng'ombe, la mwizi na la radi, lilikuwa la kona ya kabati.

Alianza shule ya msingi Januari 1957. Alikuwa na akili, hilo hata mwalimu wake wa sayansi alikubali, na yule mwalimu hakuwa mtu wa kukubali vitu ovyo. Shida ilikuja siku darasa zima lilipopanda maharage kwenye vikopo. Ya wenzake yakaota. Yake hola. Akapewa punje nyingine, hola. Ya tatu, hola. Ya nne, mwalimu akawahi asubuhi, akajibanza nyuma ya mlango, akamwona anaingia kwa kunyata, anafukua udongo kwa kidole, anaitoa ile punje, anaigeuzageuza, anairudisha na kuifunika vizuri kama mtoto aliyelala.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Naangalia kama imeanza, mwalimu."

"Itaanza ukiiacha!"

"Sasa nikiiacha, nitajuaje kama imeanza?"

Mwalimu akamwondolea kopo. Akampa kazi ya kupiga kengele ya shule, kwa sababu kengele angalau ukiigusagusa ndiyo inafanya kazi. Alipiga kengele ile mpaka alipomaliza darasa la nane, Novemba 1964. Wanaosema ilikuwa inalia dakika mbili kabla ya wakati hawasemi uongo.

Tarehe 6 Machi 1967 aliajiriwa kwenye kiwanda cha mashati, na hapo ndipo tabia ikapata mshahara. Aliwekwa meza ya ukaguzi, mwisho wa mstari, pale ambapo shati lililokamilika linapita kabla ya kukunjwa. Kazi yake ilikuwa kuvuta. Kila kifungo anakivuta mara mbili, kola mara moja, mshono wa bega mara moja kwa nguvu. Kikitoka, shati linarudi kwa mshonaji. Kikibaki, linaenda dukani. Alivuta kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1998, na washonaji walimpa jina ambalo limemfuata hadi kwenye karatasi hii: Bi Vuta.

Wengi mliokaa hapa mmewahi kuvutwa. Unafika kumsalimia, shikamoo haijaisha mdomoni, tayari mkono wake uko kwenye kifungo chako cha pili. "Hiki kimebakiza nyuzi mbili. Vua." Na ulivua, usijifanye. Kuna mkwe aliyekuja kujitambulisha amevaa suti na akala chakula chote cha mchana amejifunga taulo la wageni. Bado ni mkwe wetu, na vifungo vyake viko imara kama mnavyoviona.

Kukaa ndiko kulimshinda. Chai aliinywa anatembea, na vikombe ukavikuta mbele ya safari: kimoja juu ya friji, kimoja dirishani, kimoja kwenye ndoo ya vibanio. Alikuwa na kiti chake sebuleni, cha kitambaa cha kijani, na mpaka leo kiti kile bado kinanukia duka.

Mumewe alikuwa akigawa barua kwa miguu, na mtaani waliishia kumwita Tarishi. Walikutana mwaka 1969 kwenye geti la kiwanda, yeye kaleta barua ya meneja, marehemu kashamvuta kifungo. Tarishi alikuwa mtu wa kupita mbele ya bustani za watu kutwa nzima, na kwenye njia yake kulikuwa na ua wenye mti wa ajabu: matawi manene kama vidole vya mtu mnene, maua meupe yenye moyo wa njano, harufu unaipata kabla hujakata kona. Ukikata tawi linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Akamwomba mwenye ua tawi moja, akalifunga kwenye gazeti, akalileta getini ndani ya mkoba wa barua.

Sasa, miti ya mapambo haifanani tabia. Iko ile unayokata tawi, unachomeka kwenye kopo la mchanga, wiki mbili limeshika, hata ukilitukana linaota tu. Na iko kama huu wa Tarishi. Huu ukikata, unauacha kivulini siku kumi hivi jeraha likauke. Ukiwahi kuupanda, unaoza. Ukiumwagilia sana, unaoza. Halafu unakaa kama fimbo, wiki nane, wiki kumi, kimya, hausemi uko hai wala umekufa. Ukiuvuta kuangalia, umekata vile vizizi vilivyokuwa ndiyo kwanza vinajitafuta, na hapo kwaheri.

Mnajua alichofanya.

Tarishi akaleta tawi la pili. Likaenda njia ile ile. Akaambiwa: "Umeniletea kuni." La tatu hakumpa. Alilipanda mwenyewe na kulificha posta, nyuma ya rafu ya vifurushi visivyo na mwenyewe, kwenye dirisha la jua, na hakumwambia kitu kwa miezi saba. Siku ya harusi yao, Jumamosi tarehe 21 Agosti 1971, alitokea na kopo la rangi lenye mti wa majani kumi na mmoja.

"Ulikuwa unanificha?" bibi harusi akauliza mbele za watu.

"Nilikuwa naulinda."

"Dhidi ya nani?"

Bwana harusi akalihamishia kopo upande wa pili, mbali naye. Picha ya dakika ile ipo, ukurasa wa nne wa programu hii. Angalieni mkono wa kulia wa bibi harusi uko wapi.

Mti ule ulipandwa uani, kati ya bomba na kamba ya nguo, kwenye nyumba waliyohamia Oktoba mwaka huo, na kivulini mwake wakalea watoto watatu. Uani kwenyewe Bi Vuta alijaza makopo. Miti yote ya haraka ilimtii. Nyua zote za mtaa wetu, zile za maua mekundu na zile za zambarau, mama zao ni makopo ya uani kwa Bi Vuta, na alizikagua kila asubuhi akipita, akivuta tawi moja moja. Lakini mti wa Tarishi hakuweza kuuzalisha hata mara moja. Alijaribu kila mwaka. Tarishi alimwona anavyofukua, akawa anapita na mkoba wake anasema, "Mwenzangu, mwache apumue," naye anajibu, "Nimemsalimia tu."

Tarishi alifariki tarehe 3 Novemba 2009. Tangu siku hiyo, kila jioni akianua nguo, marehemu alikuwa akipita chini ya mti na kulivuta tawi la chini mara mbili, taratibu, kama anavyovuta kifungo.

Oktoba 2023 alianza kukosa pumzi kwenye ngazi. Daktari alimpima akasema moyo umepanuka na umechoka, akaandika dawa nne, na chini yake akaandika neno moja: apumzike.

"Mara ngapi kwa siku?" marehemu akauliza.

"Siku nzima, mama."

"Daktari, hiki kifungo chako cha tatu kinaondoka."

Alitoka pale na vidonge, daktari akabaki na koti lililoshonwa upya. Sindano alikuwa nayo kwenye pochi, bila shaka.

Tarehe 26 Februari 2024 bomba la uani lilipasuka chini ya ardhi, usiombe. Maji yalikaa siku tatu kabla fundi bomba hajapata pa kuchimba, na alipopata, alikuta mizizi ya mti wa Tarishi imelainika kama ndizi iliyosahaulika kwenye begi. Shina likabonyea kwa kidole. Mti wa miaka hamsini na miwili ulikuwa unaoza kuanzia chini, na wa aina hiyo mtaa mzima ulikuwa huo huo mmoja. Ule ua wa kwanza, wa kwenye njia ya posta, sasa ni maegesho ya magari.

Bi Vuta alipanda ngazi. Ndiyo, ile ngazi ya chuma, na moyo ule ule. Binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, mtu asiyepandisha sauti, siku hiyo alisikika mpaka mtaa wa pili. Marehemu alishuka na matawi saba, yote kutoka juu kabisa ambako uozo haujafika, akayapanga kivulini.

"Saba," akasema. "Nikikosa yote saba, Tarishi ameisha."



Alisubiri siku kumi jeraha likauke, na siku kumi zile nyumba nzima iliugua. Alihamisha kabati mara mbili. Alifua mapazia safi. Tarehe 12 Machi akapanda makopo saba, akayapanga dirishani jikoni, na wajukuu wakayapa namba na vibandiko: USIGUSE. Cha mwisho kiliandikwa: USIGUSE, NA WEWE PIA BIBI.

Siku ya nne, kwenye kundi la familia kwenye simu, taarifa ikaingia: "Kwa masikitiko tunawatangazia kwamba namba moja ametutoka asubuhi hii."

"Chanzo?"

"Chanzo kiko jikoni kinaosha vyombo na hakitazami watu machoni."

"Namba mbili hali yake?"

"Yuko chini ya uangalizi. Tatizo ni huo uangalizi."

"Jamani badilisheni mada, Bibi yumo humu."

Kisha, dakika moja baadaye, kutoka kwake mwenyewe: "Naona. Sikumvuta. Niliuliza hali tu."

Tulicheka sana, tusijisingizie. Lakini namba mbili alifuata, na namba tatu, na kufikia namba nne kundi likawa kimya. Mara nyingine alikuwa anatoka chumbani kwake na uso wa mtu aliyeahidi, anapita jikoni kufuata maji tu, anarudi na udongo kwenye kucha. Binti yake alimkuta asubuhi moja ameshika namba tano mkononi, imeoza chini, nyeusi, naye anaitazama.

"Mama."

"Najua."

"Mama, kwa nini?"

"Mkono. Sio mimi, ni mkono. Naukataza, unakwenda." Akakaa. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, na binti yake anasema hapo ndipo alipoogopa kweli. "Nikilala nawaza kimeshika au hakijashika. Nikiamka nawaza. Daktari anasema nisiwaze. Sina muda wa kutojua."

Jumamosi tarehe 6 Aprili namba sita naye alitolewa, na saa nne asubuhi hiyo marehemu alimpigia simu wifi yake.

Wifi ni mdogo wake Tarishi, mkutubi mstaafu, anayeishi mitaa miwili kutoka hapo. Kwa wasiomjua: ndiye mtu pekee duniani anayefungua zawadi bila kuchana karatasi. Yeye na marehemu walikuwa hawaivi kwa miaka hamsini. Mmoja akisema dirisha lifunguliwe, mwingine anahisi baridi. Wifi alifika, akakuta kopo la mwisho limewekwa mezani, na marehemu amekaa ameikalia mikono yake yote miwili.

"Kichukue," akasema.

"Nikipeleke wapi?"

"Usiniambie. Kifiche kama kaka yako alivyoficha. Nikikuuliza, sema kimekufa."

"Wifi, mimi lini nimesema uongo?"

"Siku ulipomwambia kaka yako gauni langu la harusi limenikaa vizuri."

Wifi akafikiri. "Ile ilikuwa adabu."

"Basi fanya adabu. Ondoka kabla sijaitoa mikono."

Wifi aliondoka na kopo chini ya mwavuli, na mvua haikuwepo.

Kuanzia hapo mtu aliona mambo. Marehemu alimuuliza kila alipomwona, na wifi, mwanamke aliyewahi kurudi dukani kwa miguu kwa sababu amepewa pipi moja zaidi, alidanganya kila mara.

"Wifi, kijiti?"

"Kimekufa."

"Lini?"

"Jumanne."

"Wiki jana ulisema Jumatano."

"Kimekufa mara mbili."

Marehemu alicheka mpaka wakampa maji. Siku nyingine alijaribu kumtega: aliuliza kama wifi anahitaji mchanga. Aliuliza kama dirisha lake la mashariki bado linaingiza jua. Aliwatuma wajukuu wawili kwenda kuazima kitabu na kuchungulia, wakarudi na vitabu, wamesoma, na hawajaona kitu. Mikono yake haikuwa na pa kukaa. Ilivuta pindo la shuka, mkanda wa saa, ua la plastiki la sebuleni.

Tarehe 2 Juni alilazwa, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Wauguzi walimfunga bandeji juu ya mrija wa dripu, kwa sababu alikuwa anauvuta kuangalia kama umeshika. Alikagua mashuka ya wodi nzima na kutoa ripoti. Jumapili tarehe 16 jioni alikuwa hoi, sauti imebaki nusu. Wifi alikuwa amekaa pembeni na kitabu ambacho hakuwa anakisoma.

"Wifi," marehemu akasema. "Sasa niambie kweli."

Wifi alifunga kitabu. Kweli yenyewe hakuwa nayo. Alijijua uso wake hauwezi kuficha kitu. Angekiona kijiti kina jani, au kimeoza, marehemu angelisoma jibu kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo kwa wiki kumi hakukitazama. Alikiweka nyuma ya pazia la chumba cha wageni, upande wa jua, akafunga pazia, na kila baada ya wiki mbili alipitisha mkono na kikombe kidogo cha maji, huku ameangalia ukutani.

"Kimekufa, wifi," akasema.

Marehemu akatabasamu, akanyoosha mkono, akashika kifungo cha juu cha blauzi ya wifi yake, akakivuta mara mbili.

"Hiki kimeshika," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mtu aliyasikia vizuri. Alifariki Jumatatu, tarehe 17 Juni 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Mti wa Tarishi ulikuwa umeshaanguka uani wiki iliyotangulia, na hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia. Nyumbani kwake tulikusanya vikombe tisa.

Alhamisi watoto wake walikwenda kwa wifi. Hawakupanga. Binti mkubwa alisema tu, "Shangazi, twende tukaone," na wifi akasema, "Mimi siwezi kufungua. Fungueni ninyi." Walisimama chumba cha wageni kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Binti mkubwa akavuta pazia.

Kijiti kilikuwa na majani matano. Madogo, ya kung'aa, yamegeukia kioo.

Wifi akakaa kitandani, akaanza kulia, na akiwa katikati ya kulia akamwona mpwa wake ananyoosha mkono kuelekea kwenye lile shina.

Kofi lililotua kwenye mkono ule lilisikika sebuleni.

"Shangazi!"

"Umerithi mkono wa mama yako! Acha!"

"Majani siyo mizizi, Shangazi! Kinaweza kutoa majani kwa maji yake ya ndani halafu kife. Mama mwenyewe alikuwa anasema."

Ni kweli, alikuwa anasema. Wakabaki wote wanne wanakitazama, hakuna anayegusa, hakuna anayeweza kuondoka. Ndipo wifi akafuta macho, akalinyanyua kopo lote kwa mikono miwili, polepole kama yeye tu anavyoweza, akaliinua juu ya vichwa vyao. Kwenye lile tundu la chini, la kutolea maji, ulikuwa umechungulia mzizi mmoja. Mweupe, mwembamba kama uzi wa kifungo. Hakuna aliyeuvuta. Ulitoka wenyewe kuja kuangalia kuna nini.

Marehemu ametanguliwa na mumewe. Ameacha watoto watatu, wakwe watatu wenye vifungo imara, wajukuu saba, kitukuu mmoja ambaye ana miezi tisa na tayari anatembea, wifi mmoja, na kijiti kimoja. Wengi mmeuliza kama kitapandwa leo hapa. Wifi amesema hakitoki kwenye kopo mpaka mvua zijazo, na hilo halina mjadala. Lakini amekuja nacho. Kiko safu ya mbele, juu ya mapaja yake. Mnaruhusiwa kukitazama. Mikono ikae nyuma.

Bi Vuta, kimeshika. Daktari aliandika neno moja, na wewe ukauliza mara ngapi kwa siku.

Apumzike kwa amani. Siku nzima, mama.